Je, Mkristo Anaweza Kugoma? Wafanyakazi wa Magari wa Brazili na Mlango wa Kanisa



Katika semina zetu tumezungumza sana juu ya katiba, juu ya tume ya uchaguzi, na juu ya mipaka ya maeneo ya ubunge. Juu ya mshahara tumezungumza machache mno. Tena kila linapotajwa neno mgomo mbele ya waumini, nyuso hubadilika. Mzee mmoja wa kanisa alituuliza bila kuficha: Je, Mkristo anaweza kugoma? Si huo ni uasi? Kijana aliyekuwa ameketi nyuma yake akaongeza lake: Na hivyo vyama vya wafanyakazi, si ndivyo vilivyotuuza kwa serikali miaka yote?

Maswali yote mawili ni ya haki. Hatukutaka kuyajibu kwa kaulimbiu, maana kaulimbiu tunazo za kutosha. Tumeona heri tuyajibu kwa kisa cha nchi ya mbali iliyotawaliwa na majenerali kwa miaka 21, tangu 1964 hadi 1985. Humo wafanyakazi wa viwanda vya magari waligoma, kanisa likawafungulia mlango, na siasa ya vyama vingi ikarudi ikiwa imebebwa kwa sehemu kubwa mabegani mwa watu waliovaa ovaroli. Nchi hiyo ni Brazili.

Kandokando ya jiji la São Paulo iko miji mitatu iliyopewa majina ya watakatifu: Santo André, São Bernardo na São Caetano. Kwa herufi za kwanza za majina hayo watu huiita ABC. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 makampuni makubwa ya magari yalijenga huko. Volkswagen, Mercedes-Benz, Ford na Scania walikuwa São Bernardo, na General Motors walikuwa São Caetano. Waliokwenda kuomba kazi katika viwanda hivyo walitoka kwa wingi kaskazini mashariki mwa nchi, penye ukame na njaa. Mmoja wao alikuwa mama aliyepanda lori mwaka wa 1952 na watoto wake, wakasafiri siku 13 barabarani. Mtoto wake mmoja, Luiz Inácio da Silva, aitwaye Lula, alikua akawa fundi wa kukereza vyuma. Mwaka wa 1964 mashine ilimkata kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Mwaka wa 1975 alichaguliwa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi wa vyuma cha São Bernardo.

Lakini tusidhani kwamba chama hicho kilikuwa chombo huru. Hapa ndipo lilipo jibu la kijana wetu. Sheria za kazi za Brazili zilizokusanywa mwaka wa 1943, wakati wa Getúlio Vargas, zilikifanya chama cha wafanyakazi kuwa kama idara ndogo ya Wizara ya Kazi. Kila mwaka mfanyakazi alikatwa mshahara wa siku moja, awe mwanachama asiwe mwanachama, na fedha hizo zikagawiwa kwa utaratibu wa serikali. Waziri aliweza kuwafukuza viongozi waliochaguliwa na kuweka msimamizi wake. Viongozi wengi walijifunza upesi jinsi ya kuishi kwa amani na wizara. Walijenga zahanati, walitoa huduma za mawakili na za meno, wakawa wapole siku ya mapatano ya mishahara. Wabrazili wana jina la mtu wa namna hiyo. Humwita pelego, yaani ngozi ya kondoo yenye manyoya iwekwayo baina ya mpandaji na mgongo wa farasi. Mpandaji haumizwi na tandiko, na farasi hasikii sana uzito anaoubeba.

Sisi Wakenya hatuhitaji kufafanuliwa neno hilo. Mwaka wa 1965 serikali yetu iliyavunja mashirikisho yaliyokuwa yakishindana na kuunda COTU moja, na ilipofika mwisho wa enzi ya chama kimoja COTU ilikuwa imesogezwa chini ya kwapa la KANU. Wahadhiri wa vyuo vikuu walipogoma mwaka wa 1993, na madaktari mwaka wa 1994, dai lao kubwa lilikuwa vyama vyao viandikishwe. Walikataliwa. UASU iliandikishwa mwaka wa 2003, na chama cha madaktari mwaka wa 2011. Kwa hiyo kijana hakukosea aliposema tumeuzwa. Ila ajiulize ni nani aliyenunua, na kwa nini aliona bidhaa hiyo ina thamani kiasi hicho.

Turudi ABC. Majenerali waliposhika nchi mwaka wa 1964, sheria yao ya mgomo iliuacha mgomo uhalali katika karatasi tu. Ilipiga marufuku mgomo wa kisiasa na mgomo wa kuwaunga mkono wafanyakazi wengine, na ikaweka masharti mengi hata kugoma kwa halali kukawa karibu haiwezekani. Nyongeza za mishahara zikapangwa na serikali kwa kanuni yake. Wafanyakazi wa Osasco walipothubutu kukalia kiwanda mwezi wa Julai 1968, jeshi liliwatoa. Desemba ya mwaka huohuo ikaja amri ya tano ya kijeshi iliyofunga bunge na kuzima haki za raia, na kwa karibu miaka kumi viwandani kukawa kimya.

Kimya hicho kilivunjwa na hesabu. Mwaka wa 1977 ilibainika hadharani kwamba takwimu rasmi za mfumuko wa bei wa mwaka wa 1973 zilikuwa zimepunguzwa. Kwa kuwa mishahara ilipandishwa kwa kufuata takwimu hizo, kila mfanyakazi alikuwa amepunjwa bila kujua. DIEESE, kituo cha utafiti cha vyama vya wafanyakazi wenyewe, kilipiga hesabu kikaona kwamba wafanyakazi wa vyuma walidai asilimia 34.1. Tunaomba mlizingatie jambo hili. Kilichowaamsha watu hao ilikuwa hati ya mshahara na bei ya maharagwe, wala hapakuwa na hotuba ya mwanasiasa. Mzee wetu akifungua Waraka wa Yakobo, sura ya 5, atakuta pale shutuma kali juu ya ujira wa wavunaji uliozuiliwa na wenye mashamba. Mtume hakuuliza kwanza kama wavunaji walikuwa na kibali cha kulalamika.

Ijumaa tarehe 12 Mei 1978 wafanyakazi wa Scania waliingia kazini kama kawaida. Walipiga kadi, wakaenda kila mmoja mahali pake. Mashine hazikuwashwa. Walianza mafundi wa karakana ya vifaa, watu wenye ujuzi ambao ni vigumu kupata wa kuwabadili kwa siku moja, kisha idara nyingine zikafuata. Hapakuwa na mabango, hapakuwa na msafara, hapakuwa na mtu mlangoni wa kupigwa rungu. Watu walisimama mikono imekunjwa kifuani kando ya mashine zilizokufa, wakamwambia meneja kwamba wanangoja jibu juu ya mshahara. Yule mwenyekiti wa chama aliweza kusema kwamba si yeye aliyeuitisha mgomo, kwa hiyo waziri akakosa sababu nyepesi ya kumfukuza. Polisi nao hawakujua la kufanya. Kumpiga mtu aliye ndani ya uwanja wa mwajiri wake, aliyepiga kadi kwa wakati, kando ya mashine ya thamani kubwa, si kazi rahisi. Mgomo ulienea hadi Ford na viwanda vingine, na waajiri wakaanza kupatana na wafanyakazi wao moja kwa moja, nje ya kanuni ya serikali. Kanuni yenyewe haikufutwa siku hiyo. Iliachwa tu pembeni, kama ukuta ambao watu wamegundua kwamba una mlango.

Mwaka uliofuata haukuwa mwepesi hivyo. Waajiri walikuwa wamejifunza, nao wakaanza kufunga mageti na kuwatoa wagomaji nje. Tarehe 13 Machi 1979, siku mbili kabla ya Jenerali João Figueiredo kuapishwa kuwa rais, wafanyakazi wa vyuma wa ABC wote waligoma. Ukumbi wa chama haukuwatosha, wakaenda uwanja wa mpira wa Vila Euclides, makumi ya maelfu ya watu. Siku ya kwanza hapakuwa na jukwaa wala vipaza sauti. Lula alisimama juu ya meza. Alisema sentensi moja, walio mbele wakaigeuzia nyuma, na walio nyuma wakawapitishia wengine, hadi ikafika ukingoni mwa uwanja. Sisi tuliozoea mikutano ambamo msemaji ni mmoja na sisi wengine ni wa kupiga makofi, tuitazame picha hiyo kwa makini. Mkutano ule haungewezekana kama kila mtu hangeyachukua maneno kinywani mwake na kumpa jirani.

Tarehe 23 Machi serikali iliingilia. Viongozi waliondolewa, ofisi za chama zikashikwa na polisi. Hapo ndipo kanisa linapoingia katika kisa chetu, na ni lazima tulieleze bila kulipamba.

Kanisa Katoliki la Brazili halikuwa upande wa wafanyakazi tangu mwanzo. Mwaka wa 1964 baraza la maaskofu lilitoa tamko la kuwashukuru wanajeshi kwa kuiokoa nchi na ukomunisti. Ilichukua miaka ya mapadre kukamatwa, watawa kuteswa na vijana wa Kikatoliki kupotea, ndipo sauti ikageuka. Kardinali Paulo Evaristo Arns, askofu mkuu wa São Paulo tangu 1970, alikuwa akizuru magereza. Baadaye yeye na mchungaji wa Kipresbiteri, Jaime Wright, waliisimamia kazi ya siri ya kukusanya kumbukumbu za mahakama za kijeshi juu ya mateso, kwa msaada wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, na matokeo yake yakachapishwa kuwa kitabu mwaka wa 1985. Wale wanaodhani kwamba jambo hili ni la Wakatoliki pekee walikumbuke jina hilo la pili.

Na huko chini, katika vitongoji, zilikuwako jumuiya ndogondogo za Kikristo. Zilikuwa za namna ileile ambayo maaskofu wa Afrika Mashariki walianza kuihimiza kwetu miaka hiyohiyo ya 1970. Humo watu walisoma Injili kisha wakaulizana kwa nini basi halifiki kwao, kwa nini maji hakuna, kwa nini mwenzao amefukuzwa kazi. Askofu wa Santo André, Cláudio Hummes, alikuwa na parokia zilizojaa wafanyakazi wa magari. Chama kilipofungiwa ofisi zake mwaka wa 1979, kanisa kuu la São Bernardo, liitwalo Matriz, likawa mahali pa kukutania. Wapo waliomwambia askofu kwamba analichafua jengo takatifu kwa siasa. Kwa maoni yetu waliosema hivyo hawakuitazama upya orodha ya waumini wao. Waliokuwa ndani ya kanisa siku ile ndio waliokuwa ndani Jumapili.

Mgomo ule wa 1979 ulisimamishwa kwa mapumziko ya siku 45 ili pande mbili zijadiliane. Walikuwako wafanyakazi waliohisi wamesalitiwa, na ubishi ulikuwa mkali. Mwezi wa Mei walikubali mapatano ya asilimia 63, ambayo sehemu kubwa ilikuwa kufidia mfumuko wa bei. Hawakupata yote waliyotaka, ila viongozi waliofukuzwa walirudi ofisini.

Damu ilimwagika mwaka huohuo, lakini si ABC. Jijini São Paulo kwenyewe chama cha wafanyakazi wa vyuma kilikuwa bado mikononi mwa wale tuliokwisha kuwaita ngozi ya kondoo. Wafanyakazi waliogoma walitegemea kamati zao wenyewe na parokia. Tarehe 30 Oktoba 1979, nje ya kiwanda cha Sylvania, polisi wa kijeshi walimpiga risasi Santo Dias da Silva, mfanyakazi wa vyuma na kiongozi katika utume wa kanisa kwa wafanyakazi. Maelfu waliubeba mwili wake hadi kanisa kuu la Sé, na Kardinali Arns akaongoza misa. Mzee wetu aliyeuliza kama Mkristo anaweza kugoma angepata jibu kwa kutazama ni nani aliyekuwa ndani ya jeneza lile.

Tufike 1980, mwaka ambao wanamageuzi hupenda kuusimulia kana kwamba ulikuwa ushindi. Tusidanganyane. Tarehe 1 Aprili mgomo ulianza. Wafanyakazi walitaka nyongeza, lakini walitaka pia usalama wa kazi, juma la saa 40, na wawakilishi wao kutambuliwa ndani ya viwanda. Madai hayo ya mwisho ndiyo yaliyowatia waajiri hofu zaidi, kwa maana mshahara ukipandishwa unaweza kuliwa na bei, lakini mwakilishi akishaketi ndani ya kiwanda hang'oki upesi. Mahakama ya kazi ilitangaza mgomo si halali. Helikopta za jeshi zilipita chini chini juu ya Vila Euclides. Viongozi waliondolewa tena, na tarehe 19 Aprili Lula na wenzake walikamatwa kwa sheria ya usalama wa taifa. Siku hiyohiyo walikamatwa pia mawakili wawili mashuhuri wa Tume ya Haki na Amani ya jimbo kuu. Lula alikaa kifungoni siku 31. Mama yake, yule wa lori, alifariki mwanawe akiwa ndani, akaruhusiwa kwenda mazishini chini ya ulinzi.

Basi watu walikula nini siku 41 bila mshahara? Swali hili ndilo tungependa lishughulikiwe kuliko hotuba zote. Palikuwa na mfuko wa mgomo. Parokia zilikusanya mchele, maharagwe, mafuta ya kupikia na maziwa ya watoto, zikapanga nani apewe na nani angoje. Watu wa miji mingine walituma michango. Wake wa wafanyakazi waliandamana mjini São Bernardo waume zao wakiwa ndani. Tarehe 1 Mei mji ulijaa askari. Askofu Hummes aliadhimisha misa katika Matriz, na umati uliokuwa ndani na nje ukazidi kukua hadi kufikia, kwa makadirio ya wakati huo, zaidi ya watu laki moja. Askari walipewa amri ya kuondoka. Umati ukatoka kanisani ukatembea kwa miguu hadi uwanjani.

Siku kumi baadaye mgomo ulikwisha bila kupata hata dai moja. Wengi walifukuzwa kazi, na majina yao yakazungushwa kutoka kampuni hadi kampuni ili wasiajiriwe tena. Mwaka wa 1981 Lula alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu, hukumu ambayo baadaye ilibatilishwa.

Wako wanaosema: basi, mnaona, mgomo haufai. Sisi twasema hasara ilikuwa ya kweli, na asiitukuze mtu ambaye watoto wake hawakulala njaa. Lakini mgomo huo ulionyesha kwamba serikali inaweza kushinda shauri mahakamani, ikashika ofisi, ikafunga viongozi, na bado isiweze kuwafanya watu laki moja waogope kutoka kanisani. Figueiredo alikuwa amekwisha kuvunja mfumo wa vyama viwili vya kupangwa mwishoni mwa 1979, akitumaini kuugawanya upinzani. Tarehe 10 Februari 1980, katika shule ya masista jijini São Paulo, wafanyakazi, wasomi na watu wa jumuiya za kanisa walianzisha Chama cha Wafanyakazi, PT. Mwaka wa 1983 likaundwa huko São Bernardo shirikisho la vyama vya wafanyakazi, CUT, bila kungoja ruhusa ya waziri. Mwaka wa 1984 mamilioni walijaa barabarani kudai uchaguzi wa moja kwa moja. Katiba ya 1988 ikaandika haki ya kugoma katika kifungu cha 9. Nasi tuliandika haki hiyo katika kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010, na wanaokidharau kifungu hicho wakumbuke kwamba hapakuwa na njia ya mkato ya kukifikia.

Sasa tuzikabili hoja nzito za wapinzani wa mgomo, maana zipo.

Hoja ya kwanza husema mgomo huwafukuza wawekezaji. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1990 makampuni mengi ya magari yalijenga viwanda vipya nje ya ABC, katika majimbo yaliyoyaahidi msamaha wa kodi na ambako vyama vilikuwa dhaifu. Ford walifunga kiwanda chao cha São Bernardo mwaka wa 2019. Lakini mwaka wa 2021 Ford hao hao walitangaza kuacha kuunda magari Brazili nzima, pamoja na Bahia walikokwenda kwa ajili ya ule msamaha. Tukisema aliyewafukuza São Bernardo ni chama cha wafanyakazi, tutamtaja nani huko Bahia? Na hata hapa kwetu, viwanda vya kuunganisha magari vya Thika, Nairobi na Mombasa viliyumba tangu mwanzo wa miaka ya 1990 kwa sababu milango ilifunguliwa kwa magari yaliyokwisha kutumika kutoka ng'ambo. Hatukumbuki mgomo uliofanya madhara kama hayo.

Tena chama chenye nguvu si cha kugoma tu. Mwaka wa 1992 chama hichohicho cha ABC kiliketi na makampuni na serikali, wakapatana kupunguza kodi na bei za magari ili mauzo yapande na kazi zisipotee. Wenye siasa kali zaidi walikilaumu. Sisi twaona kwamba asiye na uwezo wa kugoma hana cha kuweka mezani anapoitwa kujadiliana. Huitwa kutia sahihi.

Hoja ya pili yatuhusu zaidi sisi wenyewe: kwamba chama cha wafanyakazi kisijitie katika siasa ya vyama. Hapa hatuna jibu la upande mmoja. Lula alishindwa uchaguzi wa 1989, wa 1994 na wa 1998, akashinda wa 2002. Viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walimfuata serikalini. Mwaka wa 2005 chama chake kilikumbwa na kashfa ya kuwalipa wabunge, na walioanguka walikuwa miongoni mwa watu wake wa karibu. Yeye mwenyewe alifungwa mwaka wa 2018 kwa siku 580, hukumu zake zikafutwa mwaka wa 2021, akashinda tena uchaguzi wa 2022. Kila mtu na ahukumu apendavyo juu ya mtu huyo. Letu ni hili: kiongozi wa wafanyakazi aliyepewa gari la serikali hubaki na sauti ileile, lakini masikio huanza kubadilika. Tuliyaona hayo hapa baada ya 2002, wanamageuzi wenzetu walipoingia afisini, na wengine wetu tukaona haya kuandamana dhidi ya watu tuliokimbia nao vitoa machozi. Chama cha wafanyakazi kinaweza kukizaa chama cha siasa. Kisikubali kulelewa nacho.

Ya tatu huletwa kwa unyenyekevu, na wenye kuileta ni maskini. Husema: hao wa magari walikuwa na mshahara. Je, sisi wa jua kali, wa vibarua mashambani, wa kufua nguo za watu, tutamgomea nani? Hakika wafanyakazi wa ABC walikuwa wachache kati ya maskini wa Brazili, na ushindi wao haukumfikia mkata miwa moja kwa moja. Kilichomfikia ni mfano. Vyama vya wakata miwa wa Pernambuco viligoma mwaka wa 1979 pia. Hata hivyo hatutaki kuifunika hoja hii kwa mfano mmoja. Inabaki na uzito, na kanisa, lenye wa kiwandani na wa kibarua katika benchi moja, ndilo lenye nafasi nzuri kuliko sisi ya kuwakutanisha.

Tuna neno moja zaidi juu ya makampuni, kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba mwekezaji hana siasa. Tume ya Kitaifa ya Ukweli ya Brazili, katika ripoti yake ya Desemba 2014, ilieleza jinsi makampuni kadhaa yalivyoshirikiana na polisi wa siri wa majenerali. Fundi mmoja wa vifaa alitoa ushuhuda kwamba mwaka wa 1972 alikamatwa akiwa kazini katika kiwanda cha Volkswagen cha São Bernardo na kuanza kupigwa humohumo kiwandani, mbele ya walinzi wa kampuni. Volkswagen yenyewe iliajiri mwanahistoria, ambaye mwaka wa 2017 alithibitisha kwamba walinzi wake walishirikiana na utawala ule. Mwaka wa 2020 ilipatana na waendesha mashtaka kulipa reali milioni 36. Ilichukua zaidi ya miaka 40, na waliokuwa wakiyasema hayo tangu mwanzo ni wafanyakazi wenyewe.

Askofu Hummes baadaye alikuwa kardinali. Mwaka wa 2013, mjini Roma, aliketi kando ya rafiki yake Jorge Bergoglio kura zilipokuwa zikihesabiwa, akamnong'oneza asiwasahau maskini. Papa mpya alieleza kwamba maneno hayo ndiyo yaliyomletea moyoni jina la Fransisko. Hummes alifariki mwaka wa 2022. Hatujasikia kwamba alijuta kufungua mlango wa Matriz.

Sisi nasi tunajua mlango wa namna hiyo. Mwaka wa 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipopigwa Uhuru Park, walikimbilia kanisa kuu la Watakatifu Wote jijini Nairobi, na kanisa likawapa hifadhi. Mwaka wa 1997, siku ya Saba Saba, polisi waliingia katika kanisa hilohilo na kuwapiga waliokuwemo. Kwa hiyo hatuwaombi mfungue mlango mkidhani ni jambo jepesi.

Tunawaachia mambo ya kujadili katika jumuiya zenu kabla ya mkutano ujao, nayo ni ya kawaida kabisa. Walimu, wauguzi au watu wa kiwanda kilicho karibu nanyi wakigoma kwa haki, nani mwenye ufunguo wa ukumbi wa parokia, na je, amekwisha kuulizwa? Nani atakayeandika michango ya unga na maharagwe, na daftari hilo litakaguliwa na nani asiyekuwa kiongozi wa mgomo? Ni familia gani zitakazoanza kupewa? Na mchungaji au padre akiitwa na afisa wa serikali aeleze, nani watakaokwenda pamoja naye? Andikeni majina.